Maswali ya Wasomaji: Gari Kubwa la Umeme Litalala Wapi?

Barua tatu zilizotufikia safari hii, kutoka Kiponda, Fuoni na Paje, zinahusu jambo moja: magari ya umeme ya kifahari, marefu na yaliyoinamia chini, ambayo yameanza kufika kisiwani petu Unguja. Nimezijibu kwa mpangilio zilivyokuja.

SWALI: Maalim, assalaam alaykum. Mdogo wangu anarejea nyumbani baada ya miaka mingi Uingereza, na amenunua gari la umeme aina ya Mercedes EQS ambalo litateremshwa bandarini mwezi ujao. Anataka liwe karibu na nyumba ya mama yetu hapa Kiponda, kwa sababu mama ni mtu mzima na kila wiki hupelekwa hospitali Mnazi Mmoja. Jirani ametushauri tuvute waya kutoka dirishani hadi barabarani ili lichajiwe usiku. Je, mpango huu unafaa? (Msomaji, Kiponda, Mji Mkongwe)

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Umefanya vyema kuuliza kabla meli haijatia nanga, kwani gari la namna hii hutafutiwa kwanza mahali pa kulala, kisha ndipo likaletwa. EQS ina urefu wa mita 5.2, na upana wake bila vioo vya pembeni ni mita 1.93; vioo vikikunjuliwa, upana huo huvuka mita 2. Linganisha na zile Toyota IST za toleo la kwanza tulizozizoea hapa mjini, ambazo urefu wake ni mita 3.86 na upana ni mita 1.7. Gari la mdogo wako linaizidi IST kwa zaidi ya mita moja na robo, na uzito wake unakaribia tani mbili na nusu.

Vichochoro vya Kiponda vilijengwa kwa ajili ya watu wa miguu, punda na mikokoteni ya mahamali, na kila mlango una baraza yake iliyotoka nje kupokea wageni. Ziko sehemu ambazo mtu akinyoosha mikono hugusa kuta zote mbili. Basi nyumba ya mama haifikiki kwa gari hili, na nakuombeni msijaribu hata mara moja, kwa sababu likibanwa baina ya baraza mbili halitatoka kwa kusukumwa na vijana wanne wa mtaani kama tunavyofanya kwa gari ndogo. Hata kwenye barabara zinazopitisha magari, kama Mizingani, Kenyatta na ile ya Benjamin Mkapa inayopita Darajani, nafasi ya kuegesha huwa ya gari dogo, na mkia wa EQS utabaki nje kwenye njia ya daladala.

Muulize mdogo wako pia jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji mpaka waulizwe. Magurudumu ya nyuma ya EQS nayo hugeuka, lakini si kwa kiasi kimoja katika gari zote. Ziko zinazogeuka hadi nyuzi 10, na hizo huzunguka ndani ya duara la mita 10.9, nyingine hugeuka nyuzi 4.5 tu, na huhitaji karibu mita 12. Katika ua wa nyumba tofauti hiyo ya mita moja ni kubwa mno, kwani ndiyo inayoamua kama dereva ataingia kwa mkupuo mmoja au atakwenda mbele na nyuma mara tano huku watoto wakikimbia pembeni yake. Na hata akiwa na zile za nyuzi 10, asikate usukani wote akiwa ameegemea ukuta, kwa sababu matako ya gari husogea upande wa ukuta kabla pua haijatoka.

Kuhusu waya wa dirishani, jibu langu ni hapana. Kuchaji gari si kama kuchaji simu, kwani soketi hubeba mzigo mkubwa kwa saa nyingi mfululizo bila kupumzika, na waya wa kuunganisha uliolazwa kichochoroni utakanyagwa, utanyeshewa, na kiungio chake kitapata moto. Nyumba zetu za mawe na chokaa zimebebwa na boriti, na nyingi zina nyaya za umeme zilizowekwa zamani kwa ajili ya taa na feni. Moto ukishika boriti za Kiponda hausimami kwenye mlango wa aliyeuwasha.

Kwa hiyo gari lilale nje ya Mji Mkongwe, kwenye ua wenye ukuta na kivuli, iwe Mbweni, Kiembe Samaki au popote penye ndugu mwenye nafasi. Hapo mtahitaji umeme wa aina gani? Betri kubwa ya EQS za miaka ya mwanzo hubeba takriban kilowati-saa 108 (kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya umeme), na soketi ya kawaida ya nyumbani, ikitumiwa kwa ampea 10 kama inavyotakiwa kwa usalama, hutoa kilowati 2.3 tu, hivyo kuijaza kutoka sifuri huchukua siku mbili nzima. Hesabu hiyo huwatisha watu bure. Gari hili hutumia takriban kilowati-saa 20 kwa kilomita 100. Mtu anayekwenda kilomita 40 kwa siku, ambao ni mwendo mkubwa kwa mkaazi wa mjini Unguja, anahitaji kurejesha kilowati-saa 8 au 9, yaani saa nne za usiku kwenye soketi hiyo hiyo. Chaja ya ukutani ya ampea 32 hutoa kilowati 7.4 na ni nzuri ukiweza kuigharamia, lakini si ya lazima.

Kilicho cha lazima ni fundi umeme anayejua kazi. Avute waya mpya kutoka kwenye bodi ya nyumba hadi mahali pa gari, wenye swichi yake peke yake na kifaa cha kukata umeme unaovuja, kisha apime athi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini, kwa chombo badala ya kuikadiria kwa macho. Nasisitiza athi kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi yetu, hasa Fumba na upande wa mashariki, ni maweni, na jiwe la matumbawe halipitishi umeme vizuri kama udongo wa shamba. Nondo moja fupi iliyopigwa juu juu haitoshi, na gari nyingi za umeme hukataa kabisa kuchaji zikiona athi ni mbovu. Tundu la kuchajia la EQS liko ubavuni nyuma upande wa kulia, hivyo gari likiingizwa kinyumenyume, soketi ikawa kwenye ukuta wa nyuma, kebo haitavuka njia ya mtu.

Sisi tuliokaa gizani Unguja kwa miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka bara ulipoharibika, hatuwezi kuuzungumzia umeme bila tahadhari. Waya mwingine mkubwa zaidi ulilazwa baadaye na hali ni bora sana kuliko wakati ule, hata hivyo namshauri mdogo wako asiache betri ishuke chini ya nusu kwa uvivu wa kununua umeme wa TUKUZA, yaani wa kulipia kabla. Kwa nusu ya betri ataendesha karibu wiki moja kwa mwendo ule niliotaja. Kuijaza hadi asilimia 80 kunatosha kwa siku za kawaida, na ndivyo betri inavyodumu zaidi.

Limebaki la mama, nalo ndilo lililonigusa zaidi katika barua yako. Kiti cha gari hili kiko chini, na mtu mzima mwenye magoti yanayouma atashuka kama anayekaa mkekani na atainuka kwa taabu. Springi zake za hewa huweza kuinua gari kwa sentimita mbili na nusu tu, na hizo hazimsaidii mama. Kwa safari za hospitali nakushauri mtumie Noah ya jirani au teksi yenye kiti cha juu, isimame barabarani karibu na Darajani, nanyi mumshike mkono mama kutoka nyumbani hadi hapo. Mdogo wako asijisikie vibaya. Mapenzi kwa mama yataonekana zaidi akimwendea kwa miguu.

SWALI: Maalim, mume wangu ana Porsche Taycan. Kila tukiingia lango letu tumbo la gari hukwaruza, na matuta ya barabarani nayo ni hivyo hivyo. Yeye anasema tuyapite kwa mshazari. Masika yanakuja, na mimi naogopa pia maji. Tufanye nini? (Mama wa watoto watatu, Fuoni)

JIBU: Bibi, hofu yako ina msingi, kwani betri ya gari hilo imelazwa chini ya sakafu yote, na kinachokwaruzwa ni kifuniko cha chini kinachoilinda. Umbali baina ya ekseli mbili za Taycan ni mita 2.9, na uwazi kutoka chini ya gari hadi ardhini ni karibu sentimita 13. Ukikokotoa, utaona kuwa mwinuko ukivunjika ghafla kwa zaidi ya nyuzi 10, tumbo litagusa. Kwa lugha ya fundi mwashi, ni lango linalopanda sentimita 18 kwa kila mita kisha likalala sawa pale pale. Mwambie mwashi aikate ile ncha ya juu na kuigawanya kwa mita mbili au tatu za zege, ili mpando ugeuke kuwa mviringo mrefu. Gharama yake ni mifuko michache ya saruji, na hailingani hata kidogo na bei ya betri.

Mshazari wa mume wako husaidia bampa la mbele lisigonge, kwa hiyo ana haki kwa upande huo. Ila tuta lililo refu kwenda juu kuliko uwazi wa gari haliwezi kukwepwa kwa pembe yoyote likishafika katikati ya magurudumu. Kama Taycan yenu ina springi za hewa, liinueni gari. Hupanda sentimita 2, na zipo zinazoweza kufundishwa kukumbuka mahali na kujiinua zenyewe kila zinapofika hapo. Anzeni na lango lenu.

Mvua yenyewe haidhuru, na gari linaweza kuchajiwa likiwa linanyeshewa endapo soketi imekingwa. Kinachodhuru ni maji yaliyotuama, kwani hayaonyeshi shimo lililo chini yake. Sehemu za mabondeni kama Kibonde Mzungu na Mwanakwerekwe wenyeji tunazijua. Maji yakifika ukingo wa chini wa rimu, rudini, hata kama Suzuki Carry iliyo mbele yenu imepita salama. Imepita kwa sababu iko juu.

SWALI: Nina nyumba ya wageni Paje. Mgeni wetu wa Idi anakuja na Tesla Model S, na nimemtengea kivuli cha minazi mbele ya pwani. Je, panafaa? (Msomaji, Paje)

JIBU: Hapafai, ndugu yangu, kwa sababu mbili. Model S nyingi zina paa la kioo, na nazi kavu ikianguka kutoka juu haiulizi bei ya kioo hicho. Kama hakuna mti mwingine, jenga banda jepesi la makuti upande wa barabara.

Sababu ya pili ni bahari. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka kwa takriban mita 4, na upepo wa kusi huyasukuma mbele zaidi ya alama ya kawaida. Maji ya chumvi yakiingia kwenye betri huacha chembe zinazopitisha umeme mahali usipotakiwa kupita. Baada ya kimbunga Ian kupiga Florida, Marekani, mwezi Septemba 2022, baadhi ya magari ya umeme yaliyozama katika maji ya bahari yaliwaka moto, mengine wiki kadhaa baada ya maji kuondoka. Ikitokea gari limefikiwa na maji ya bahari hadi sakafuni, lisichajiwe wala kuwashwa; livutwe mpaka mahali pa wazi, mbali na nyumba na makuti, na likae huko mpaka fundi wa betri alikague. Mgeni wako mwekee gari lake nyuma ya nyumba, na asubuhi alisuuze kwa maji baridi ya bomba, pamoja na kamera zake za nyuma, kwa sababu chumvi ya pwani huzitia ukungu na gari refu kama lile haliegeshwi kwa kukisia.