Keji ya gari la familia ianze na vichwa vya waliomo

Ukimwambia fundi unataka keji, yaani fremu ya mabomba ya chuma ya kulinda waliomo gari likipinduka, ndani ya gari la safari za porini, atakuuliza kwanza unene wa bomba. Kwa gari la familia, hilo ni swali la pili. Dereva wa mashindano huvaa helmeti, kiti chake kimemkumbatia mabega, na mikanda inambana kila upande. Mwanangu hukaa nyuma kichwa wazi, akisinzia anaegemea mlango. Bomba la chuma likipita karibu na sikio lake, linaweza kumuua katika ajali ambayo bila keji angetoka na michubuko.

Kwa hiyo mimi nilianza na vichwa. Kila mtu alikaa mahali pake, mkanda umefungwa, akainama mbele, akalala kushoto, akalala kulia, nami nikafuata kichwa chake nikichora mstari wa chaki kwenye vioo na dari. Mstari ukishapatikana, usogeze nje zaidi, kwa sababu katika ajali mkanda hunyumbuka na mwili huruka mbali kuliko mtu anavyoweza kujinyoosha mwenyewe. Watoto wapimie kimo watakachokuwa nacho baada ya miaka kadhaa. Ndani ya mstari huo bomba lisipite.

Na sponji je? Weka, tena ile ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya keji, maana sponji laini hubonyea yote mara moja na fuvu likakutana na chuma. Lakini nyingi ya hizo ngumu zimebuniwa kwa kichwa chenye helmeti, kwa hiyo kuwapo kwake kusikupe ujasiri wa kusogeza bomba ndani. Kama gari lina mifuko ya hewa inayoshuka kutoka kingo za dari, binafsi ningeacha kabisa keji ya ndani. Ya nje huweka chuma mbali na vichwa, ingawa uzito unaoongezeka juu hulifanya gari lipinduke kirahisi zaidi.

Sasa bomba. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, kwa magari ya mashindano ni kipimo kizuri cha kuanzia: chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa kikiwa baridi, tao kuu (bomba lililopindwa linalosimama nyuma ya viti vya mbele) la milimita 45 lenye unene wa 2.5, au la milimita 50 lenye unene wa 2.0. Kona ipindwe kwa nusu kipenyo kisichopungua mara 3 ya kipenyo cha bomba, bila mikunjo. Bomba la maji likatae hata ukipewa bure. Halikutengenezwa kwa kazi hii, na zinki yake hutoa moshi wenye sumu linapochomelewa. Tao kuu liwe na bomba la mshazari, kwa kuwa umbo la mstatili husukumwa likalala ubavu, lakini pembetatu hukaza.

Kazi nyingi huharibika pale juu, chini ya dari. Mkono wa fundi haufiki, basi huchomelea nusu ya kiungo inayoonekana na kupaka rangi. Pitisha kidole, au kioo kidogo na tochi, nyuma ya kila kiungo kabla ya rangi. Fundi mzuri hutoboa sakafu chini ya miguu ya keji, akaishusha yote, akachomelea mzunguko mzima, kisha akaipandisha na kuweka sahani za chuma chini yake. Sahani hizo, kwa kanuni zilezile, ziwe na unene wa milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 120 angalau, ili mguu usitoboe sakafu gari likibingirika.

Kama bodi imekaa juu ya chesisi, yaani fremu ya chini ya gari, kwa vipande vya mpira katikati, miguu yote ishikwe na bodi, au yote ifungwe kwenye chesisi. Ukichanganya, bodi na chesisi zitavutana kila gari linapojipinda mabondeni, na nyufa zitaanzia kwenye viungo.

Mikanda ya kiwandani na nanga za viti vya watoto viache vilipo. Kisha kaa kiti cha nyuma ujaribu kutoka haraka kwa kila mlango, maana bomba la mlangoni linaloziba njia halifai, hata liwe na nguvu kiasi gani.