Sembe Haifinyiki

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza kama chakula cha kigeni kinaweza kupikwa nyumbani bila viungo vya kwao. Mimi nitajibu kuhusu unga peke yake, kwa kuwa mapambo ya sope ya Meksiko, yaani maharage yaliyopondwa, nyama, saladi na jibini, nayapata bila taabu hapa Houston, na hata Tanga ningeyapata.

Sope ni mkate wa mahindi wa duara, wenye unene wa kama sentimita 1, ambao ukingo wake hufinywa ili vinavyowekwa juu visimwagike. Nilipoupika mara ya kwanza nilijiamini mno, nikiona kwamba mtu aliyesonga ugali tangu utotoni hafundishwi unga. Nilikanda sembe kwa maji ya moto na chumvi, nikafanya viduara sita, nikaviweka kwenye chuma cha chapati. Jirani yetu, mama mzaliwa wa Puebla huko Meksiko, aliketi karibu na jiko akinitazama, kimya. Nilikiepua cha kwanza nikakifinya kingali cha moto, kama alivyokuwa amenieleza, kikapasuka katikati. Cha pili kikameguka pembeni. Cha tatu sikukigusa. Mama yule aliinuka, akachukua kipande, akakifikicha kwa vidole viwili mpaka kikawa kama mchanga, kisha akauliza chokaa iko wapi.

Nilidhani ananitania, maana chokaa mimi naijua ya tambuu na ya ukutani. Kumbe kwao mahindi huchemshwa kwa maji ya chokaa, hulazwa humo usiku kucha na kuoshwa maganda, ndipo yasagwe. Chokaa hiyo ndiyo inayoufanya unga ushikane, tena huifungua niasini, vitamini iliyomo katika mahindi, ambayo mwili ungeikosa. Kesho yake alileta pakiti ya unga wa namna hiyo, na ukingo ukafinyika kama udongo wa mfinyanzi.

Kwa hiyo nilianza barua hii nikikusudia kusema hapana. Hata hivyo sina budi kukiri kwamba vile sita vya sembe, vizima kwa vilivyovunjika, tulivikaanga, tukavitilia maharage na kachumbari, watoto wakavigombania, na jirani mwenyewe akala viwili. Basi jibu langu ni ndiyo, mradi vipikwe bapa, visifinywe, na mpishi asithubutu kuviita sope mbele ya mtu wa Puebla.