Kwenda kukaa monasteri ya Wabuddha Thailand: chakula, miguu na hela
Dada wa Mafinga unayeuliza kama ubebe vitafunwa vya usiku ukienda kukaa monasteri kule Thailand, aisee viache tu nyumbani. Mgeni naye anashika zile kanuni 8 za Kibuddha za namna ya kuishi ukiwa pale, na ya chakula ndo inawatoa watu jasho, maana ikishapita saa sita mchana hakuna kula mpaka kesho asubuhi, jioni labda chai au juisi, kwa hiyo sisi wa huku tuliozoea ugali wa usiku na baridi la Uyole lazima tujipange kweli 😅. Kengele ya kuamka sehemu nyingi inalia saa kumi alfajiri, na kuua hairuhusiwi, hata mbu, unampuliza anaenda zake.

Kubwa kwako kama mwanamke: mtawa wa kiume humgusi, hata mkono humpi, na ukitaka kumpa kitu anatandika kitambaa mbele yake unakiweka hapo juu ndo anakichukua, sasa usije ukaona umedharauliwa, ni sheria yao tu. Ukikaa chini miguu usiielekeze kwenye sanamu ya Buddha wala kwa mtawa, ikunje pembeni kama tunavyokaa mkekani msibani.

Nguo nyeupe au zisizong'aa, mabega na magoti yafunikwe, kitenge beba. Simu kuna sehemu wanazikusanya siku ya kwanza. Hela weka kwenye boksi la sadaka, mtawa usimpe mkononi, kwa sheria yao hatakiwi kushika hela.