Vivuli vinalala wapi: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Pakwach. Sisi huku wazima. Shangazi yako anakusalimu, mbuzi wake mweusi amezaa mapacha. Muswada wako ulifika kwa basi la Jumatano, hakuna ukurasa hata mmoja uliolowa. Nimeusoma kwa siku kumi na moja, alfajiri kabla macho hayajachoka, mpaka jua linapofika kizingitini.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, mhariri wako wa Kampala anataka kurasa chache za kueleza riwaya hii ya njozi ilikujia kutoka wapi, nawe kila ukikaa kuandika huoni pa kuanzia. La pili ndilo linalokunyima usingizi: yule Mhunzi wako anayeishi chini ya mto, anayeiba vivuli vya watoto ili apoze kwavyo chuma cha moto. Mhariri anasema Mhunzi hatishi, umzidishie ubaya. Rafiki yako anasema alilia aliposoma utoto wake, kwa hiyo umalizie kwa kumsamehe. "Baba, wema na ubaya nivipime vipi?" Ndivyo ulivyoandika.

Nianze na la kwanza, maana jibu lake ninalo mimi, si wewe.

Mwaka 2003 ulikuwa na miaka sita. Tulikuwa tukikaa kambi ya polisi Gulu, katika ile nyumba ya bati ya duara, uniporti, mchana inawaka kama chungu jikoni na usiku baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Kila jioni, jua likianza kushuka, barabara ilijaa watoto. Walitoka vijijini kwa miguu, maelfu, blanketi limekunjwa kichwani, wengine gunia tupu, mkubwa amemshika mdogo mkono. Walikuja kulala mjini, barazani mwa maduka, stendi ya mabasi, uwanja wa hospitali, popote penye taa, kwa sababu usiku waasi walikuwa wakiingia vijijini na kuchukua watoto. Asubuhi walirudi walikotoka. Jioni hao tena.

Wewe ulikuwa na jiwe lako karibu na seng'enge. Ulikaa pale ukiwahesabu. Jua lilikuwa nyuma yao, kwa hiyo vivuli vyao vilitangulia mbele, virefu kuliko watu wazima, vikifika mjini kabla yao. Ukaniuliza: "Baba, wakishalala, vivuli vyao vinalala wapi?" Nilikuwa nafunga kamba za buti niende zamu. Sikukujibu.

Miaka ishirini na zaidi imepita, nimefungua muswada wako, ukurasa wa 12, nikakuta vivuli vya watoto vinatembea barabarani bila wenyewe. Niliweka karatasi chini nikatoka nje. Mwambie mhariri hilo. Hukuitoa hewani hadithi hii. Ulikuwa umekaa juu ya jiwe.

Kuna jambo jingine la wakati ule ambalo huenda hulikumbuki. Mvulana mmoja, miaka tisa hivi, alizoea kulala kwenye kibaraza cha udongo mbele ya mlango wetu. Mkuu wa kambi alijua, akafumba macho. Mama yako alimpa posho na maharage, na chai katika kikombe cha kijani kilichovunjika mkono. Yeye ndiye aliyekufundisha kupiga mluzi kwa jani la mwembe. Jioni moja hakuja. Ukamwekea kikombe chake nje. Siku ya pili ukakiweka tena. Siku ya tatu mama yako alikichukua akakificha. Mimi nilikuwa polisi, nina bunduki na daftari la serikali, na jina la mtoto yule sikuliandika popote. Nilijiambia kwamba wako wengi. Neno hilo limekaa na mimi tangu siku ile.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotujengea nyumba. Mama yako Muganda wa Mityana, mimi Mualur, majirani Waacholi, Wateso, Walugbara. Lugha ya gwaride na ya kisimani ilikuwa hiyo moja. Mama yako alikua akiiogopa. Utotoni mwake, Kiswahili kilikuwa sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabara na sauti ya jambazi mlangoni usiku. Kisha akaja kuposwa kwa lugha hiyo hiyo, na akakubembeleza kwayo. Serikali ilipokubali mwaka 2022 kiwe lugha rasmi, nilitamani angekuwa hai asikie.

Yeye ndiye aliyekupa habari za Kintu, mtu wa kwanza katika masimulizi ya Baganda. Alikupeleka hata Ttanda, kule kwao Mityana, mkasimama kwenye ukingo wa yale mashimo, na ulirudi ukasema shimo lilikuwa linapumua. Sikiliza tena hadithi ile kwa masikio ya mtu mzima. Ggulu, mwenye mbingu, anamwoza binti yake Nambi kwa Kintu, anawaambia waondoke alfajiri, wasirudi nyuma hata wakisahau kitu, kwani Walumbe, kaka wa Nambi, ambaye ndiye kifo, akijua atawafuata. Njiani Nambi anakumbuka kwamba ulezi wa kuku wake umebaki. Mama yako alisimulia kwamba Kintu ndiye aliyerudi. Kurudi kuchukua chakula cha kuku! Mke na mume wote wawili watu wema, na kuku hana kosa. Hapo ndipo kifo kilipoingia duniani. Walumbe mwenyewe hakuanza kwa kuua. Aliomba apewe binti mmoja wa kumpikia, akanyimwa, ndipo watoto wakaanza kufa. Kaikuzi, ndugu yake, akatumwa amrudishe, akachimba ardhi kumfukuza, na alipokaribia kumkamata watoto wakapiga kelele ingawa walikatazwa, naye akazama chini. Mashimo uliyoyaona wanasema ndiyo ya mbio zile.

Huku kwetu nako tunayo yetu. Wang Lei, mahali pa hadithi hiyo kando ya Nile, si mbali na hapa ninapokaa. Ndugu wawili, Gipir na Labongo. Mmoja anachukua mkuki wa mwenzake kumfukuza tembo shambani, tembo anaondoka nao mwilini. Mwenye mkuki anasema nataka mkuki wangu, ule ule. Akiletewa mwingine, hapana. Basi ndugu anaingia nchi ya tembo, anahangaika, mwanamke mzee anamsaidia, anarudi na mkuki na shanga. Baadaye mtoto mchanga wa yule mwenye mkuki anameza ushanga mmoja. Safari hii ndugu wa pili ndiye anayesema: nataka ushanga wangu, ule ule. Mtoto anapasuliwa tumbo. Wanatengana Nile, shoka linazikwa mtoni, na jamaa zao wanashika njia mbili mpaka leo.

Tafuta mbaya wa hadithi hiyo. Nimemtafuta maisha yangu yote. Kila mmoja alikuwa akidai mali yake, na sheria ingempa. Mimi niliyeandika mashtaka ya wizi kwa miaka thelathini na moja nakuambia, ningempa haki wa kwanza, ningempa haki wa pili, na mtoto angekufa vile vile.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mhariri wako. Kumpaka Mhunzi masizi zaidi hakutamfanya atishe. Kinachotisha katika hadithi za wazee wetu ni jinsi ubaya unavyopita kwenye mlango wa jambo la kawaida, ulezi wa kuku, mkuki wa urithi. Mhunzi wako ana jambo lake la kawaida, nawe umelipata vizuri sana: alitaka chuma kisichovunjika, kwa sababu mkuki wa baba yake ulivunjika mbele ya chui. Mwache hivyo. Usimpe pembe.

Lakini na rafiki yako pia sikubaliani naye, na hili limenichukua siku nyingi zaidi.

Unamkumbuka fundi wa baiskeli chini ya mwembe, nje ya geti la kambi? Ulipenda kukaa naye. Alikuwa kijana aliyetoka porini kwa waasi na kupata msamaha wa sheria ile ya mwaka 2000, ya kuwasamehe walioacha uasi. Alichukuliwa mtoto, akarudi mtu mzima. Hakuruhusu mtu yeyote asimame nyuma yake. Hata wewe alikuonyesha pa kukaa, mbele, penye mizizi. Siku moja nilikuwa getini, mama mmoja akaja na baiskeli ya gurudumu lililopinda. Alipomwona usoni akanyamaza. Fundi naye akanyamaza, nyundo mkononi. Mama aliiachia baiskeli ikaanguka, akageuka, akaenda zake kwa miguu. Nilijua kijiji chake, na nilijua kilichofanyika kule usiku mmoja. Fundi aliiokota. Alinyoosha spoku moja moja, akaweka mnyororo mpya kutoka kwenye sanduku lake mwenyewe, akafuta vumbi kwa shati. Kisha akafunga kazi, akaisukuma kwa miguu njia nzima. Hakuipanda. Alirudi usiku, mikono mitupu. Sijui waliambiana nini, na sikumuuliza. Kesho yake alihamisha vifaa vyake vya kazi upande wa pili wa barabara, mbali na watoto.

Tarehe 4 Februari 2021 nilikaa na redio siku nzima. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague ilimtia hatiani Dominic Ongwen, kamanda wa waasi wale, kwa makosa 61. Shambulio la Lukodi lilikuwamo, lile la Mei 2004, karibu na Gulu. Mtu huyo naye alitekwa angali mtoto. Mwezi Mei akahukumiwa miaka 25, na majaji waliutia utoto wake kwenye mizani wakampunguzia adhabu. Hatia hawakuipunguza. Waathirika zaidi ya 4,000 walishiriki katika kesi ile. Hilo la mwisho ndilo lililonishika: kwamba habari za utoto wake zilisikilizwa, na wao pia walikuwa na nafasi mle ndani.

Waacholi katika mato oput, sherehe yao ya kupatanisha koo baada ya mauaji, hawaanzi kwa kunywa. Kwanza ukweli usemwe, kisha fidia ilipwe, ndipo pande mbili zinainama juu ya kibuyu kimoja chenye mzizi mchungu. Anayesamehe ni ukoo wa aliyeuawa. Mpita njia aliyeguswa na habari za muuaji hana kibuyu pale.

Sasa chukua muswada wako uhesabu pamoja nami. Utoto wa Mhunzi, kurasa tisa. Nimezisoma mara mbili, ni kazi nzuri kuliko zote ulizowahi kuandika, na pale baba yake anapoinama kuokota kipande cha mkuki niliona kabisa vidole vyake. Watoto walioibiwa vivuli: mistari mitatu, ukurasa wa 188. "Watoto arobaini," umeandika. Arobaini, na hakuna mwenye jina, hakuna mwenye mdogo wake wa kumshika mkono, hakuna hata mmoja anayejua kupiga mluzi. Ndiyo maana mhariri haogopi, na ndiyo maana rafiki yako anataka kusamehe haraka. Wote wawili hawajaonyeshwa aliyelipa. Mizani yako ina sahani moja tu, mwanangu, na juu yake umemweka Mhunzi peke yake. Usimwondoe. Jaza ile ya pili.

Shujaa wako yule msichana wa mtumbwi, mimi sina neno naye, anatosha. Ila usimpe ushindi wa mkuki. Kintu hakumshinda Walumbe. Alisema na aue, watoto wa Kintu hawataisha. Abaana ba Kintu tebalifa kuggwaawo. Mama yako alikuwa akiisema hiyo akipepeta mchele, na haikuwa na huzuni mdomoni mwake.

Kuhusu mwisho, sikupangii. Nitakuambia tu kwamba nimewaza sana Mhunzi akitembea, anarudisha kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, kwenye nyumba ambayo hana uhakika kama itamfungulia mlango.

Muswada nakurudishia kwa basi la Ijumaa, pamoja na samaki wakavu kutoka mtoni na asali kidogo ya shangazi. Nimesahihisha majina ya Kialur mahali pawili. Na kwenye ukurasa wa 188, pembeni mwa ile mistari mitatu, nimeandika kwa penseli jina la yule mvulana wa kibarazani. Kama hutalitumia, usilifute.

Ni mimi baba yako.