Usiulize ni kilomita ngapi

Mara ya kwanza kupeleka familia kutembea milimani nilichemka vibaya sana. Niliona njia imeandikwa "rahisi, kilomita 8" nikasema aah kilomita nane si kutembea kawaida tu, masaa mawili tushamaliza, nikamchukua mama mkubwa ambaye magoti yanamsumbua, dada na mwanae wa miaka sita, na shemeji ambaye yeye ni mtu wa mazoezi. Tulitumia masaa matano na kidogo. Mtoto alibebwa, mama mkubwa hakuniongelesha njia nzima ya kurudi, na shemeji kila kona tunamkuta kasimama anaangalia saa.

Kumbe zile kilomita 8, nne za kwenda zilikuwa na kupanda mita 600. Hilo hakuna aliyeniambia na mimi sikuuliza. Kuna Mskoti mmoja mpanda milima, William Naismith, mwaka 1892 alitoa hesabu ambayo watu wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita 5, afu unaongeza saa nzima kwa kila mita 600 za kupanda. Ukiiweka safari yangu hapo unapata kama masaa mawili na dakika 36, lakini hiyo ni kwa mtu mwenye pumzi zake asiyesimama. Mimi siku hizi nikiwa na watu mchanganyiko nazidisha mara mbili, na ningefanya hivo siku ile ningepata masaa matano na dakika kumi hivi, yaani ningejua kila kitu kabla hata sijafunga kamba za viatu.

Kwa hiyo swali la kwanza sio kilomita ngapi, ni tunapanda mita ngapi. Chukua mita za kupanda, gawanya kwa mita za kutembea (za kwenda tu, sio na za kurudi), zidisha kwa mia. Chini ya asilimia 5 watu wanatembea wanapiga stori. Karibu na 8 ndo kipimo cha juu kinachotumika sana kwenye vile vijia vya mteremko vya viti vya magurudumu vinavyowekwa badala ya ngazi, hapo hata mzima ataanza kuhema. Yangu ilikuwa 15, na usisahau hiyo ni wastani, maana yake kuna sehemu zilikuwa mbaya zaidi. Kama una ramani yenye ile mistari ya mwinuko ni rahisi zaidi, mistari ikibanana ujue hapo ni ukuta, ikiachana ni tambarare.

Na jamani msimuulize mwenyeji "je ni rahisi?" Atakwambia ni hapo tu. Yeye anapita hapo kila siku na mzigo, hakudanganyi, kwake kweli ni hapo tu. Muulize vitu vinavyohesabika: kuna mto wa kuvuka? mvua ikinyesha panateleza? kuna sehemu ya kukaa? mtoto wa miaka sita anapita mwenyewe?

Njia nzuri kwa watu wa kila aina mara nyingi hazijatengenezwa kwa ajili ya kutembea. Reli za zamani zilizong'olewa ndo napenda kuliko zote, kwa sababu treni haiwezi kupanda mwinuko mkali, kwa hiyo walioijenga ilibidi wakate kilima au wakizunguke taratibu, na wewe unakuja miaka mingi baadae unafaidi tu. Barabara za magari ya magogo msituni nazo ni hivo hivo, pana, zinapanda kwa kona kona. Njia za kuzunguka bwawa pia.

Nina rafiki anatumia kiti cha magurudumu, yeye ndo amenifungua macho. Mimi nilikuwa naangalia mwinuko peke yake, yeye anaangalia njia imelalia upande gani, maana ikilala kiti kinavutwa kule chini na mkono mmoja unafanya kazi ya mikono miwili mpaka bega linakufa. Anaangalia changarawe, kama ni ya kushindiliwa sawa, kama ni ya kumwaga tu magurudumu yanazama. Anauliza geti lina upana gani, na choo kikoje. Na kama njia inaanza kwa kushuka anaikataa kabisa, kwa sababu kurudi ndo kupanda na wakati huo umeshachoka. Hiyo ya mwisho mimi nimeifanya sheria kwa kila mtu sasa hivi. Kupanda kwanza, nyumbani ni mteremko. Asiyeona naye, msimshike mkono mkamvuta kama mtoto, mwacheni ashike yeye kiwiko chako au mkanda wa begi lako, we tangulia nusu hatua na umwambie mizizi iko wapi.

Afu kuna ule mtego wa kupumzika, huu unaudhi kweli. Wenye kasi wanatangulia, wanakaa, wanakunywa maji, dakika kumi. Wa mwisho anafika anatweta, wao wanasimama "haya twende". Yaani mwenye nguvu kapumzika na aliyechoka hajapumzika hata sekunde! Mama mkubwa siku ile nadhani alikaa chini mara mbili tu. Dawa yake: mapumziko yanaanza kuhesabiwa pale wa mwisho anapokaa. Watu wengi wanashauri mwenye mwendo wa taratibu atangulie mbele, mimi sikubaliani, ukimweka mbele anahisi wote wanamsukuma mgongoni. Muweke wa pili, nyuma ya mtu mwenye subira, na mtu mwingine anayejua njia afunge mwisho. Mwendo ni ule ambao kila mtu anaweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi, ukiona kundi limekaa kimya ghafla ujue mmeongeza kasi.

Watu wanadharau kushuka. Kupanda kunachosha moyo na mapafu lakini kushuka ndo kunaumiza, misuli ya paja inafanya kazi ya breki, na maumivu hayaji siku hiyo, yanakuja kesho na keshokutwa unashindwa kushuka hata ngazi. Hatua fupi, magoti yasinyooke kabisa, na fimbo. Mama mkubwa alikuwa anaona fimbo ni uzee, sasa hivi ana mbili na hataki mtu aziguse. Kabla ya kushuka funga viatu upya, vibane kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele, na kata kucha jana yake. Raba zenye meno zinatosha kwa njia hizi, buti mpya usivae siku ya safari, na soksi za pamba zinashika jasho ndo malengelenge yanapotokea.

Msituni giza linaingia mapema kuliko uwanjani, miti inakula mwanga, kwa hiyo panga saa ya kugeuka kabla hamjaondoka na ikifika mnageuka hata kama kilele mnakiona. Simu weka hali ya ndege maana ikikosa mtandao inautafuta mpaka chaji inaisha, na ramani ipakue nyumbani. Filimbi beba, mipulizo sita kwa dakika ni ishara ya kuomba msaada, sauti ya kupiga kelele inakauka haraka. Mwenye pumu dawa yake ikae mfukoni kwake, sio kwenye begi la mtu aliyetangulia. Na juu kuna baridi, kila mita 1,000 unapoteza kama nyuzi 6 na nusu, kwenye kilima kidogo ni nyuzi mbili tatu tu lakini ukiwa umelowa jasho na upepo unapiga utaitafuta sweta.

Kingine, njia ya kwenda na kurudi ni bora kuliko ya mzunguko kwa kundi la namna hii. Mzunguko ukishapita nusu huna ujanja, lazima umalize. Kwenda na kurudi mtu akichoka mnageuka hapo hapo na njia mnaijua.

Ndo tulivyofanya mara ya pili, reli ya zamani, mama mkubwa wa pili kwenye mstari. Tulikuwa tumebakiza kama kilomita moja kufika sehemu ya kuangalia bonde akasema kwangu mimi inatosha. Tukakaa. Shemeji akaenda mwenyewe mbio mbio, akarudi na picha, akatukuta bado tumekaa pale pale, mtoto kalala, na mama mkubwa anamwambia vua begi upumzike, dakika zako ndo zinaanza sasa hivi.