Mtoto yupo kila mahali, mbona anasema hana rafiki?

SWALI: Dada habari za kazi. Mi ni mama wa huku Mbagala, mwanangu wa kiume ana miaka 10 na ana sikoseli. Mwezi uliopita kliniki walikuja watu wa utafiti wakanipa dodoso nijaze, maswali mengi kweli, shule anaenda mara ngapi, madrasa je, sherehe je, anakuwa na wenzie, mi nikajaza vizuri tu maana shule anaenda, madrasa anaenda, harusi za ndugu tunaenda nae, karibia kote nikaweka alama za juu. Sasa juzi tumekaa ananiambia mama mi sina rafiki hata mmoja. Nimeumia sana dada. Ina maana nilidanganya au hilo dodoso ndo halifai?

JIBU: Pole mama yangu, na hukudanganya. Umeulizwa anaenda mara ngapi, ukajibu anaenda, na kweli anaenda. Shida ni kwamba mara ngapi ni nusu tu ya habari.

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuelezea afya na ulemavu, na 2007 likaongeza wa watoto, na humo likasema wazi kwamba usiishie kupima damu na viungo tu, angalia na huyu mtu anavyojihusisha na maisha. Toka hapo wataalam wamekuwa wakitafuta namna ya kupima hicho kitu na wengi wamefika kwenye mambo mawili: mtoto yupo pale? na akiwa pale, yumo, yaani anashiriki kweli? Kuna kipimo kinaitwa PEM-CY, cha watoto wa miaka 5 mpaka 17, mzazi ndo anajaza, kinauliza nyumbani, shuleni na mtaani, na kila shughuli ina maswali matatu, anafanya mara ngapi, anajihusisha kiasi gani, na wewe mzazi ungependa kibadilike kitu? Halafu kinauliza mazingira yanamsaidia au yanamzuia. Angalia kama dodoso lako lilikuwa na hayo ya pili na ya tatu, kama liliishia kwenye mara ngapi basi halikuwa na pa kuandika kilio cha mwanao.

Kuna kitu wengi hatukioni kwa sababu hatupo. Mapumziko ya saa nne wenzie wanacheza rede au kombolela, yeye amekaa pembeni analinda mabegi na masweta ya watu, mwalimu akipita anaona mtoto yupo uwanjani na wenzake, safi, na wewe nyumbani unaambiwa leo tulicheza. Kila anayemuangalia anaona yupo. Ndo maana mzazi na mtoto wakiulizwa jambo lilelile majibu mara nyingi hayafanani, sio kwamba mmoja muongo, kila mtu anaona upande wake, na kwenye urafiki mi naamini wa kusikilizwa kwanza ni mtoto.

Kwahiyo muulize wewe mwenyewe, lakini usimuulize "leo umecheza?" maana atasema ndio yaishe. Muulize nani alikuita, ulicheza na nani, kwenye mchezo ukaambiwa uwe nani, ulifurahi, kitu gani ungetaka kufanya na hufanyi. Fanya hivyo siku kadhaa tofauti maana siku moja inaweza kuwa mbaya tu, na muulize hasa zile siku anazorudi shule baada ya kulazwa, kwa sikoseli hapo pana shimo kubwa, mtoto akikaa wodini wiki mbili akirudi anakuta wenzie wameshajipanga makundi na hana pa kuingilia.

Halafu angalia kinachomzuia, na hapa mama nitasema ukweli, mara nyingine tunaozuia ni sisi. Usikimbie, usicheze, utaumwa. Mtoto wa sikoseli anaweza kucheza, anywe maji ya kutosha, apumzike anapochoka, asikae na nguo zilizolowa wala kwenye baridi, na ongea na kliniki yake kuhusu kiasi kinachomfaa. Nenda pia ukaongee na mwalimu wa darasa, awaambie watoto kwamba sikoseli ni ya kurithi haiambukizi, sababu kuna watoto wanaambiwa majumbani kwao wasikae karibu na mgonjwa.

SWALI: Mi ni mwalimu Temeke, darasani nina mtoto mwenye mtindio wa ubongo, anaelewa ila kuongea ni shida. Fomu zote za ushiriki wake, yaani anavyojihusisha na shughuli na wenzie, huwa nampa mama yake ajaze. Ni sawa?

JIBU: Mama ajaze, lakini na mtoto apewe nafasi mwalimu. Kuna kipimo kinaitwa Picture My Participation, kilitengenezwa kwa kufikiria nchi za kipato kama chetu, mtoto anaonyeshwa picha za shughuli, anajibu kwa kuonyesha, halafu anachagua tatu ambazo kwake ni muhimu zaidi. Hata bila kipimo chenyewe unaweza kuchora kadi zako, mdako, kwenda dukani kutumwa, kula na wenzie, kanisani, mpira. Na chora za hapa, maana vipimo vingine vimetoka Kanada vina hadi michezo ya kwenye theluji, mtoto wa Temeke akipata sifuri hapo haina maana yoyote. Ila ukibadilisha maswali ya kipimo cha watu usije ukalinganisha alama zako na zao, tumia kumfahamu huyu mtoto wako tu. Na mpe muda mwalimu, kujibu kwa kunyoosha mkono kwenye picha kunamchukua muda mrefu, usimmalizie jibu.