Maswali ya Wasomaji: Mbona kona ya boksi inachongoka?

SWALI: Najifunza kuchora peke yangu, naanza na maboksi. Nikitumia rula, kona iliyo karibu nami inachongoka kama ncha ya mkuki. Nikichora bila rula, nyuma kunakuwa kupana kuliko mbele. Nakosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ni makosa mawili tofauti. Kona inachongoka kwa sababu nukta mbili ambako mistari yako inakwenda kukutana umezisogeza karibu mno.

Jaribu hivi. Laza karatasi ya A4 kwa upana, upige mstari wa usawa wa macho sentimita 5 kutoka juu. Weka nukta mbili kwenye mstari huo, zikiachana sentimita 28. Katikati yake shuka sentimita 6, halafu simamisha ukingo wa mbele wa boksi, wima, sentimita 4. Kutoka ncha zake zote mbili vuta mistari hadi nukta ya kushoto na ya kulia. Pima kwa protrakta: pembe ya juu ni digrii 134 hivi, ya chini 109. Sasa rudia, nukta ziachane sentimita 10 tu. Pembe ya juu inakuwa 80, ya chini 53. Hiyo ya 53 ndiyo mkuki wako.

Ukitaka kujua mpaka uko wapi, chora duara linalopita kwenye nukta zote mbili, kitovu chake kikiwa katikati yao. Kona ikigusa duara, pembe ni digrii 90 kamili. Ikitoka nje, boksi linaonekana limevutwa. Baki ndani kabisa.

Usiishie kwenye pande zinazoonekana. Chora na kingo zilizojificha, kama vile boksi ni la kioo. Kona ya nyuma ya juu na ya nyuma ya chini lazima ziwe kwenye mstari mmoja wima. Zikipishana hata milimita 2, kuna mstari huko mbele haukufika kwenye nukta yake, urudi kuutafuta.

Sasa bila rula. Boksi lina kingo 12, yaani makundi matatu ya kingo nne nne, na kila kundi lina uelekeo wake mmoja. Nyuma kunapanuka kwa sababu unachora kila mstari ukiutazama ule wa jirani tu. Kabla ya kuvuta wa nne, tazama mitatu iliyotangulia inaelekea wapi. Ukimaliza, chukua kalamu nyekundu na rula, uendeleze mistari ya kila kundi kuelekea nyuma, kule boksi linakoondoka. (Wengi huiendeleza kuja mbele, kisha wanashangaa haikutani.) Ule unaotawanyika na wenzake utauona papo hapo.

SWALI: Mistari yangu mirefu inapinda. Nirudie juu yake?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Usirudie, unaufanya mnene tu na kosa linabaki. Kiwiko au kifundo cha mkono kikiwa kimekaa mezani, mkono unazunguka hapo na mstari unatoka upinde. Inua mkono, usogeze kuanzia begani. Weka vidoti viwili, pitisha kalamu hewani kati yao mara tatu nne, kisha uvute mara moja bila kusita. Ukikosa kidoti, acha, chora boksi jingine.